Mumia wa Hollywood na mumiani wa bibi

Kama ulikulia mtaa wenye kibanda umiza mwanzoni mwa miaka ya 2000 basi The Mummy Returns umeiona, hata kama jina hulikumbuka, ni ile muvi ya jamaa mwenye upara anayefufuka, ukuta wa maji wenye sura ya mtu unakimbiza puto bondeni, na yule dogo aliyevaa bangili ya dhahabu ikagoma kutoka mkononi. Sisi tuliiona tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, kiingilio shilingi mia, tivii moja na sauti ya mtafsiri imefunika sauti ya Brendan Fraser, na nakumbuka kibanda kizima kilivyosimama pale wale askari waliokaushwa walipoanza kukimbia ukutani kufukuzia basi la ghorofa usiku London. Wiki iliyopita nimeirudia mara mbili, sasa hivi ni mtu mzima na nimesoma soma kidogo mambo ya Misri, na kuna kitu kimenikaa kooni ambacho lazima nikiseme.

Kwanza tumalizane na mambo mepesi. Muvi ilitoka Mei 2001, mwongozaji ni Stephen Sommers yuleyule wa ile ya kwanza ya 1999, ilitengenezwa kwa kama dola milioni 98 na ikarudisha zaidi ya milioni 430 dunia nzima, kwahiyo kibiashara hakuna ubishi. Ubishi wa watu ni Mfalme Nge. The Rock, ambaye sisi tulikuwa tunamjua kwenye mieleka tu, anatokea mwanzoni dakika chache kama binadamu alafu anarudi mwishoni akiwa nusu mtu nusu nge, na ile sura yake ya kompyuta kwa kweli ilikuwa mbaya siku ile na leo ni mbaya zaidi, inang'aa kama mdoli wa plastiki, macho hayaangalii popote. Sina la kuongeza hapo. Watu wamecheka miaka zaidi ya ishirini na wana haki, ila mi naona wamecheka mpaka wakasahau kwamba dakika tano baada ya ile sura kuna sini bora kuliko zote kwenye mfululizo mzima.

Ni hivi. Piramidi linabomoka, ardhi imepasuka, chini ni kuzimu na mikono ya wafu inawavuta wanaoning'inia. Upande mmoja yuko Rick O'Connell, steringi wetu, upande mwingine yuko Imhotep, adui, wote wawili wameshika ukingo kwa vidole. Rick anamwambia mke wake aondoke, ajiokoe. Evelyn haondoki, anapita katikati ya mawe yanayodondoka, anamshika mumewe, anamvuta. Imhotep anaona yote hayo, anamgeukia mwanamke wake, Anck-su-namun, yule ambaye kwa ajili yake alimuua mfalme, akalaaniwa, akazikwa hai na wadudu, akakaa miaka elfu tatu kaburini na amefufuka mara mbili, anamwita aje amsaidie. Mwanamke anamwangalia. Alafu anakimbia.

Muziki ule wa Alan Silvestri unashuka, Arnold Vosloo anayecheza Imhotep hasemi neno, anawatazama wale wawili wanaopendana upande wa pili, machozi yanamlenga, na anaachia mwenyewe. Hajasukumwa na mtu wala hajachomwa panga, ameachia tu. Kibandani tulizoea steringi hafi na adui anakufa kifo cha aibu watu wanapiga makofi, ila siku ile pale hapakuwa na makofi, palikuwa na ukimya, na mtafsiri naye alinyamaza, kitu ambacho watafsiri huwa hawafanyi. Nadhani hata sisi watoto tulielewa kwamba yule tuliyeambiwa ni zimwi ndo mtu pekee aliyependa kwenye muvi hii mpaka mwisho wa uwezo wake.

Sasa hapo ndo swali langu linapoanzia. Kama mwongozaji alijua kumpa huyu mtu moyo wa namna ile, kwanini kila kitu kingine cha Misri kwenye muvi amekifanya kuwa cha kutisha, cha kuuwa, cha kula watu?

Chukua Imhotep mwenyewe. Hili sio jina la kubuni. Imhotep alikuwepo, alikuwa waziri wa mfalme Djoser karne ya 27 kabla ya Kristo, na ndiye anayehesabiwa kuwa aliyesanifu piramidi la ngazi la Saqqara, jengo la kwanza kubwa la mawe la Misri, lina urefu wa kama mita 60 na bado limesimama. Baada ya kufa watu wakaendelea kumheshimu mpaka miaka zaidi ya elfu mbili mbele wakawa wanamwabudu kama mungu wa tiba, wagonjwa wanaenda kwenye mahekalu yake kuomba wapone, na Wagiriki walipofika wakamlinganisha na mungu wao wa uganga Asclepius. Yaani mtu huyu alikuwa msomi, mjenzi na mganga. Hollywood imemchukua huyo, imemhamisha miaka zaidi ya 1,300 mbele mpaka enzi za farao Seti wa Kwanza, imemnyoa, imemfanya kuhani mzinzi muuaji anayefyonza nyama za watu ili arudishe mwili wake. Hebu fikiria mtu amchukue Shaaban Robert, jina lilelile, amtengenezee muvi ya zimwi linalokula watoto Tanga, alafu dunia nzima imjue kwa hilo tu.

Anubis naye ni hivyohivyo. Kwenye muvi ni mungu wa giza, unamuuzia roho, anakupa jeshi la mbweha weusi wanaotembea kwa miguu miwili linafagia dunia. Kwa Wamisri wenyewe Anubis alikuwa mlinzi wa makaburi, ndiye anayeuandaa mwili, anamshika marehemu mkono na kumpeleka kwenye mizani ambapo moyo unapimwa na unyoya wa haki. Mbweha wanazurura makaburini na kufukua maiti, kwahiyo watu wakamweka mbweha mmoja mkubwa awe upande wao awalinde wapendwa wao. Ni wazo la huruma sana ukilitafakari. Hata wale wadudu weusi wanaoingia chini ya ngozi na kukutafuna, kiasili ni mdudu yule anayeviringisha mavi, hali mtu, na Wamisri walimwona akiviringisha wakakumbuka jua linavyoviringishwa kila asubuhi, wakamchonga hirizi, wakamweka kifuani kwa marehemu ili naye aamke kama jua. Na nge kulikuwa na mungu wa kike, Serket, watu walimwomba awakinge na sumu. Kila mlinzi wa Misri kwenye hii muvi amegeuzwa muuaji, sio mmoja, ni wote, na mtu akigeuza walinzi wote wa nyumba yako kuwa wauaji unajiuliza yeye alikuwa anataka kuingia kufanya nini.

Wale Medjai pia, wale wapiganaji wa nguo nyeusi wa Ardeth Bay. Oded Fehr amecheza vizuri, sina neno naye. Lakini Medjay wa kweli walikuwa watu wa Nubia, wa jangwa la mashariki, kusini mwa Misri mpaka ndani ya Sudan ya leo, weusi kama sisi, mafarao wakawatumia kama wapelelezi na walinzi wa jangwani mpaka jina lao likawa ndo jina la polisi. Kwenye muvi hawamo. Mweusi aliyemo ni Lock-Nah, Adewale Akinnuoye-Agbaje, kazi yake ni kumkaba mtoto na kutii amri za wengine mpaka auawe, na mwingine ni Izzy rubani wa puto, mwoga wa kuchekesha. Misri iko Afrika ila muvi inasahau, na ukiangalia majina makubwa Imhotep ni mtu wa Afrika Kusini, Anck-su-namun ni mwanamitindo kutoka Venezuela, Evelyn ambaye kihadithi mama yake ni Mmisri ni Rachel Weisz wa London (huyuhuyu aliyekuja Kenya miaka michache baadaye kucheza muvi nyingine na akabeba Oscar), hakuna Mmisri hata mmoja kati yao, na hata kamera haikupigwa Misri, jangwa lile ni Moroko na Jordan.

Ila kinachoniuma kabisa ni mbilikimo.

Unawakumbuka? Wanafika kwenye ule msitu wa Ahm Shere, nyasi zinatikisika, wanatokea vijitu vifupi vimekauka, vina meno, vina mikuki, vinakata watu vipande vipande vinachekacheka. Kibandani tulicheka na sisi. Hao ni mbilikimo wa msituni, watu wa Kongo, watu halisi wenye majina na watoto, wamefanywa kuwa maiti zinazokula watu, na hakuna hata mmoja kwenye muvi anayesema chochote kuhusu wao ni nani.

Sasa sikiliza Misri yenyewe iliwaonaje. Pale Aswan kuna kaburi la mtu anaitwa Harkhuf, alikuwa kiongozi wa misafara ya kwenda kusini, miaka zaidi ya 2,200 kabla ya Kristo. Safari yake moja alirudi na mtu mfupi mcheza ngoma, wengi wametafsiri ni mbilikimo. Mfalme wakati huo alikuwa Pepi wa Pili, mtoto mdogo tu, akapata habari akamwandikia Harkhuf barua, na Harkhuf alijivunia hiyo barua mpaka akaichonga yote mbele ya kaburi lake, ndo maana tunayo. Mtoto anamwambia njoo haraka, mlete huyo mtu akiwa hai na mzima, akipanda mashua weka watu wa kuaminika pande zote asije akadondoka majini, usiku walale watu wa kuaminika kumzunguka, mkague mara kumi kwa usiku mmoja, mimi natamani kumwona huyo kuliko zawadi zote za Sinai na Punt. Mara kumi kwa usiku! Hiyo ni hofu ya mtoto kwamba mgeni wake ataumia. Sijui kama yule mcheza ngoma mwenyewe alitaka kwenda, hilo halikuchongwa, na sitaki kuipaka rangi ikawa nzuri kuliko ilivyokuwa. Lakini Farao mtoto wa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita alimwona mbilikimo ni mtu wa kulindwa, na studio ya California mwaka 2001 ikamwona ni mdudu.

Tuje kwenye laana sasa maana ndo mtaji wa muvi yenyewe. Watu wengi wanaamini laana za mafarao ni kitu cha Misri ya kale. Vitisho makaburini vilikuwepo, sio vingi, na vilikuwa vya kawaida sana. Pale Giza kwenye makaburi ya wajenzi wa piramidi kuna jamaa anaitwa Petety ameandika kwamba atakayelifanyia ubaya kaburi lake basi mamba, kiboko na simba watamla. Mtu yeyote wa Rufiji anaelewa hicho kitisho mara moja, ni wanyama wa mtoni na porini, ni mtu anaomba aachwe alale. Hakuna maiti inayofufuka hapo na kutembea mjini.

Laana tunayoijua ilivuma 1923 na ilivuma magazetini. Novemba 1922 Howard Carter, mchimbaji wa mambo ya kale kutoka Uingereza, alifungua kaburi la farao Tutankhamun. Lord Carnarvon aliyekuwa analipia uchimbaji akaliuzia gazeti la The Times la London haki ya kipekee ya habari zote za kaburi, kwahiyo magazeti mengine yote, yakiwemo ya Misri, kwenye nchi yao, yakawa yanasimama nje ya mlango hayana habari. Aprili 1923 Carnarvon akafa Cairo, aliumwa na mbu, akajikata kidonda akinyoa, kikaoza, akafa. Hapo wenye magazeti yaliyofungiwa nje wakapata cha kuandika. Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes, naye akasema ni viumbe vya kiroho vilivyowekwa na makuhani kulinda kaburi, na ikawa ndo hivyo mpaka leo, ingawa mle kaburini hapakukutwa maandishi yoyote ya laana kama yale magazeti yalivyodai, na Carter mwenyewe aliyeingia wa kwanza aliishi mpaka 1939. Mwaka 2002 jarida la madaktari la Uingereza BMJ lilichapisha hesabu za watu 44 wa nchi za magharibi waliokuwa Misri wakati ule, 25 kati yao walikuwepo kwenye matukio ya kufungua kaburi, jeneza na maiti, ikaonekana hakuna ushahidi kwamba waliingia kwenye hatari yoyote ya ziada.

Ila angalia tarehe. Februari 1922 Uingereza ilitangaza Misri ni nchi huru, uhuru wa nusunusu lakini uhuru. Miezi tisa baadaye kaburi linapatikana na Wamisri wanagoma kugawana, wanasema hivi vitu havitoki, na karibu vyote havikutoka. Karne nzima ya kubeba ilikuwa inafungwa. Na ni hapohapo wenye kubeba walizidi kusimuliana kwamba maiti za Misri zina hasira nao. Kwangu mimi hiyo laana ni dhamiri ya mtu aliyeiba, anasikia nyayo nyuma yake kila akizima taa. Muvi ya kwanza, ikishatoka enzi za mafarao, inatua mwaka gani? 1923.

Na hapa namkumbuka bibi yangu, Tanga.

Bibi alikuwa anatukataza kutembea jua la utosini, wala usiku peke yako, na wala usipande gari la mtu usiyemjua, kisa mumiani. Mumiani anakukamata, anakuning'iniza, anakunyonya damu, inaenda kutengenezwa dawa. Wengine Nairobi na Kampala waliwaita wazimamoto. Nilikuwa naogopa mumiani kuliko simba. Miaka mingi baadaye ndo nikaja kujua kwamba mumiani na mummy ni neno moja. Ni lilelile! Limetoka kwenye Kiajemi, mumiya, kitu cheusi kama lami kinachotoka ardhini, waganga wa Kiarabu na Kiajemi walikuwa wanatibia mifupa iliyovunjika. Wazungu wakasikia sifa za hiyo dawa, wakaona maiti za Misri zina kitu cheusi mwilini wakadhani ndo chenyewe, wakaanza kuzinunua na kuzisaga. Maduka ya dawa Ulaya yaliuza unga wa maiti wa Misri kwa mamia ya miaka na watu wakaunywa, wachoraji wakautumia kama rangi ya kahawia, na mwaka 1890 zilifika Liverpool maiti za paka waliokaushwa zinazokadiriwa 180,000, zikauzwa kama mbolea. Miaka ya 1830 London daktari mpasuaji Thomas Pettigrew alikuwa anazifungua maiti mbele ya watazamaji, mtu na mke wake wanakaa kama tulivyokaa sisi kibandani, wanaangalia marehemu anavuliwa sanda.

Kwahiyo neno likagawanyika njia mbili. Lilipokwenda Ulaya jina la dawa likahamia kwenye maiti, na mwisho maiti ikawa zimwi. Lilipokuja pwani yetu na majahazi, dawa nyeusi ya kuunga mifupa, watu wakaitazama wakauliza hii imetengenezwa na nini, imetengenezwa na nani, wakasema hii ni damu ya watu, na jina likahamia kwa yule anayekuja kuichukua hiyo damu. Hollywood neno lake linanyooshea kidole mwili ulioibwa. Neno la bibi linamnyooshea kidole mwizi. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima mwaka 2000 kuhusu tetesi hizi Afrika Mashariki na Kati, na anazichukulia kama njia ya watu kuuongelea utawala wa kikoloni uliokuwa unawachukua miili yao. Sisemi mumiani walikuwepo kweli, na tujue tetesi zile ziliumiza watu wasio na hatia, wageni walipigwa na wengine wakauawa bure. Nasema bibi hakuwa mjinga. Alijua ni nani wa kuogopwa pale mwili wa mtu unapogeuka bidhaa.

Na miili yetu ilibebwa kweli, hiyo sio tetesi. Mtwa Mkwawa alipojipiga risasi 1898 ili asikamatwe Wajerumani walimkata kichwa, kikapelekwa Ujerumani, mpaka mkataba wa Versailles wa 1919 ukaandikwa kifungu cha 246 kwamba kirudishwe, na kilirudi 1954, kiko Kalenga pale Iringa mpaka leo. Mangi Meli wa Old Moshi walimnyonga 1900, familia yake mpaka leo inatafuta kichwa chake kilipo. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa mafuvu kadhaa yaliyotoka Kilimanjaro. Fikiria umepigiwa simu kijijini unaambiwa kichwa cha babu yako kipo kwenye boksi Berlin. Nani hapo ndo zimwi?

Narudi kwenye muvi maana kuna kitu ambacho nadhani Sommers alikikaribia sana akakiacha. Imhotep anafufuliwa wapi safari hii? Sio jangwani. Ni London, ndani ya British Museum. Na anayeongoza njama yote ni msimamizi wa makumbusho hayohayo, mtu wa suti, msomi. Mwili umefukuliwa Misri, umesafirishwa, umewekwa kwenye jengo la vitu vya watu, na ndo humo unafungua macho. Hadithi yote iko pale, ungeweza kutengeneza muvi nzito sana kwenye hiyo sini peke yake, marehemu anaamka katikati ya wenzake kwenye makabati ya vioo. Badala yake ikageuka mbio za basi (na ni mbio nzuri, siwezi kudanganya, bado zinanipandisha mapigo ya moyo).

Alafu steringi wetu ni kina nani? Familia ya wafukuaji. Sini ya kwanza ya Rick na Evelyn wako ndani ya magofu Thebes wanavunja kuta, mtoto yuko juu, wanabeba sanduku lenye bangili mpaka nyumbani kwao Uingereza, jumba la kifahari. Matatizo yote ya muvi yanatoka kwenye sanduku hilo. Hakuna mahali, dakika 130 nzima, ambapo mmoja wao anasema hiki kitu tulipaswa kukiacha kilipokuwa. Na mwisho kabisa, piramidi la dhahabu linazama, kuzimu imetoka kuwameza watu muda uleule, mjomba Jonathan anashikwa miguu ananing'inia kichwa chini kutoka kwenye puto ili achomoe almasi ya kileleni, na anaichomoa, na muziki unashangilia. Imhotep aliyeachia mikono yake yuko chini na almasi iko London. Nilipokuwa mtoto nilishangilia ile almasi, sasa hivi nimeiangalia nikasikia tumbo limekaza.

Wamisri wenyewe walishatengeneza muvi yenye jina hilohilo, Al-Mumia, ya Shadi Abdel Salam, 1969, na kama hujaiona itafute, ilisafishwa upya 2009 inapatikana na picha nzuri. Inatokana na tukio la kweli la 1881 karibu na Luxor, ukoo wa mlimani uliokuwa unauza kidogo kidogo vitu vya pango lililofichwa maiti za wafalme. Kijana baba yake amefariki, anaambiwa siri ya chakula cha ukoo, na anashindwa kukimeza hicho chakula. Hakuna maiti inayofufuka. Mtu anasimama mbele ya marehemu na kujiuliza huyu ni mali yangu au ni mzee wangu, basi, na inatisha kuliko jeshi zima la Anubis. Mwisho majeneza yanabebwa alfajiri kushuka mtoni kwenye meli ya serikali na ukoo umesimama mlimani unaangalia.

Ndani ya pango lile la kweli alikuwemo Seti wa Kwanza, huyuhuyu ambaye Hollywood imemfanya auawe na kuhani wake. Baba yake, Ramses wa Kwanza, au mwili ambao wataalamu wengi wanaamini ni wake, ulikaa zaidi ya karne moja kwenye makumbusho ya maajabu pale Niagara Falls, mpakani mwa Kanada na Marekani, watalii wanamwangalia baada ya kutazama maporomoko, ukaja kununuliwa na makumbusho ya Atlanta, na Atlanta wakaurudisha Misri 2003, miaka miwili baada ya muvi yetu.

Na Seti mwenyewe alitembea tena mjini. Tarehe 3 Aprili 2021 Cairo waliwahamisha wafalme na malkia 22 kutoka makumbusho ya Tahrir kwenda makumbusho mapya ya Fustat, kila mmoja kwenye gari lake lililotengenezwa mithili ya mashua, jina lake limeandikwa ubavuni. Siku chache kabla meli ya Ever Given ilikuwa imeziba mfereji wa Suez, treni zikagongana Sohag watu wakafa, na mitandaoni watu wakaanza tena, laana, laana, msiwasogeze. Waliwasogeza. Mizinga 21 ilipigwa, rais akasimama mlangoni kuwapokea mmoja mmoja, barabara zimewashwa taa, na watu majumbani kwenye tivii zao wanaangalia wazee wao wakipita. Nami niliangalia kwa simu, bando likaniishia gari la Seti likiwa bado njiani.